Kubeba silaha za moto kwa ajili ya kujilinda katika hifadhi za taifa

Kubeba silaha za moto katika hifadhi za taifa ni suala la sheria, usalama na uhifadhi linalohusu ruhusa ya mgeni wa kawaida kuingia hifadhini na bastola au bunduki yake, si kwa kuwinda, bali kujikinga dhidi ya wanyama au watu wabaya. Marekani ndiko mjadala huu ulikokua zaidi, na ndiko ushahidi ulikokusanywa kwa wingi. Watu wengi huujadili kana kwamba haki ya kubeba silaha na usalama unaoletwa na silaha ni jambo moja. Si jambo moja. Bunge linaweza kumpa mtu haki kwa kura ya siku moja; usalama unategemea kinachotokea katika sekunde mbili au tatu mbele ya mnyama, na hapo sheria haina la kufanya.

Katazo la silaha hifadhini nchini Marekani halikuanza kwa hofu ya wageni kupigana risasi. Kanuni za miaka ya 1930 zililenga ujangili: askari wa hifadhi akimkuta mtu ana bunduki tayari msituni, hakuhitaji kungoja mnyama afe ndipo amkamate. Mwaka 1983 kanuni zililegezwa kidogo, mgeni akaruhusiwa kupita na silaha mradi haina risasi na imefungwa mahali asipoweza kuifikia upesi. Desemba 2008 serikali ya Rais George W. Bush iliruhusu wenye vibali vya majimbo kubeba silaha zilizofichwa zikiwa na risasi, lakini Machi 2009 Jaji Colleen Kollar-Kotelly alisimamisha kanuni hiyo kwa sababu athari zake kwa mazingira hazikuwa zimechunguzwa ipasavyo. Zuio hilo halikudumu. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma alipachika kifungu kuhusu silaha hifadhini ndani ya sheria ya kuwalinda wenye kadi za mkopo wa benki, na Rais Barack Obama akaitia saini Mei 2009. Tangu tarehe 22 Februari 2010, mwenye silaha hifadhini hufuata sheria ya jimbo ilipo hifadhi hiyo. Yellowstone, iliyoenea katika majimbo ya Wyoming, Montana na Idaho, ikajikuta chini ya sheria tatu. Jambo zito kiasi hicho lilistahili kujadiliwa kwa jina lake lenyewe, si kupitishwa mgongoni mwa kadi za benki.

Hoja kuu ya watetezi wa silaha ni dubu, na hapo ndipo takwimu zinapozungumza wazi zaidi. Mwaka 2008 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa matukio 83 ya Alaska, kati ya 1985 na 2006, ambamo watu walitumia kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Dawa ilizuia tabia isiyotakiwa kwa asilimia 92 ya dubu wa kahawia na asilimia 90 ya dubu weusi, na asilimia 98 ya watu waliokuwa karibu na dubu hawakuumia kabisa. Mwaka 2012 watafiti hao walichapisha uchunguzi mwingine, wa matukio 269 ya silaha za moto katika jimbo hilohilo, tangu 1883 hadi 2009. Bastola zilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu kwa asilimia 76. Lakini jibu lililo muhimu kuliko yote ni hili: walipolinganisha waliofyatua risasi na waliokuwa na silaha bila kuitumia, hawakuona tofauti ya maana katika kuumia kwao. Sababu si ngumu kuelewa. Dubu wa kahawia huweza kukimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Akitoka kichakani mita 30 mbele yako, una sekunde mbili za kuchomoa silaha, kuondoa kizuizi, kulenga shabaha inayokujia kasi na kupiga palipo na madhara. Dawa haihitaji shabaha ya namna hiyo. Inatoa wingu, na mnyama analipita mwenyewe.

Mpinzani makini atasema tafiti hizo mbili hazilinganishiki, naye ana haki. Miongoni mwa waliopuliziwa dawa wamo dubu waliokuwa wakitafuta chakula au kuchungulia tu, ilhali visa vingi vya silaha vilihusu mnyama aliyekwisha kasirika. Tena matukio ya bastola yalikuwa 37 tu, na mtu aliyemfukuza dubu kwa risasi bila kuumia huenda hakuona haja ya kutoa taarifa. Kwa hiyo si halali kuchukua asilimia 92 na asilimia 84 na kutangaza mshindi. Hata hivyo ulinganisho wa ndani, kati ya waliofyatua na wasiofyatua, hauguswi na kasoro ya kwanza. Kuhusu upepo, hoja inayorudiwa kila mara, uchunguzi wa 2008 ulikuta umeathiri dawa katika matukio machache, na hata hapo ilimfikia dubu. Baridi kali ndiyo inayopunguza nguvu ya kopo, na hilo ni kweli.

Kuna gharama nyingine isiyohesabiwa katika asilimia. Dubu aliyepuliziwa pilipili huondoka hai. Mei 2010, miezi michache baada ya sheria mpya kuanza, mtembezi mmoja katika hifadhi ya Denali alimpiga dubu wa kahawia risasi kama tisa za bastola. Mnyama alirudi kichakani, akafa huko. Kama angejeruhiwa tu, angekuwa hatari kwa mtembezi wa pili asiyejua lililotokea, na kwa askari waliolazimika kumfuatilia. Hifadhi ipo kwa ajili ya mnyama huyo pia.

Wengine husema hatari kubwa ni binadamu, na kwamba askari yuko mbali mno kukimbilia kuokoa. Umbali ni wa kweli. Lakini katika hifadhi za Marekani vifo vya ajali hutokana zaidi na kuzama majini, magari na kuanguka, na bastola haizuii hata kimoja. Mauaji ya askari Margaret Anderson katika hifadhi ya Mount Rainier, tarehe 1 Januari 2012, hutajwa na pande zote mbili. Ukweli ni kwamba hayamsaidii yeyote: muuaji alikuwa akikimbia sheria na asingetii katazo lolote, naye marehemu alikuwa askari mwenye silaha na mafunzo, akapigwa risasi kabla hajapata nafasi ya kujitetea.

Ziko sehemu ambako silaha inahitajika. Visiwani Svalbard, Norway, anayetoka nje ya makazi hutakiwa awe na njia ya kumtisha dubu mweupe, na mamlaka hushauri pia bunduki. Hata huko chuma peke yake hakitoshi. Agosti 2011 dubu alivamia kambi ya wanafunzi kutoka Uingereza, bunduki ikakataa kufyatuka mara kadhaa, na kijana mmoja akauawa kabla dubu hajapigwa. Utaratibu wa matembezi ya miguu katika hifadhi za Tanzania umejibu tatizo hilo kwa njia nyingine: mgeni hutembea mikono mitupu, bunduki anayo askari anayejua nyati amelala upande gani na upepo unavuma kutoka wapi, na ambaye kazi yake ya kwanza ni kuwapitisha watu mbali ili asifyatue. Utaratibu huo unahifadhi pia ile faida ya zamani ambayo Marekani iliiachia: mtu asiye askari akionekana porini na bunduki, hakuna haja ya kujiuliza amefuata nini.

Nchini Marekani mipaka iliyobaki ni michache. Majengo ya serikali ndani ya hifadhi, vikiwemo vituo vya wageni, bado hayaruhusu silaha, na katika hifadhi nyingi kufyatua risasi ni kosa hata pale kubeba silaha kunaporuhusiwa. Mgeni wa Yellowstone hutakiwa akae angalau mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine wakubwa kama nyati wa huko, na uongozi wa hifadhi humshauri abebe dawa ya pilipili kiunoni, si ndani ya mkoba, kwa kuwa kopo lililo mkobani halifikiki kwa sekunde mbili.