Rangi za Moto Juu ya Chuma cha Unguja

Waandishi wa tarehe ya Unguja wametuachia habari nyingi za karafuu, za pembe na za masultani. Lakini chuma, ambacho pasipo hicho shamba lisingalilimwa wala jahazi lisingaliundwa, aghalabu wamekipita kama mpita njia anayeuona moshi wa karakana asimwone mhunzi aliyemo ndani.

Ushahidi, hata hivyo, umo ardhini. Katika Unguja Ukuu, mji wa kusini ya kisiwa uliokaliwa na watu tangu karne ya 7 hivi, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota mavi ya chuma, nayo ni ithibati ya kuwa moto wa wahunzi uliwaka huko zama nyingi kabla Mji Mkongwe haujaitwa mji. Na Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa amri ya mfalme Roger wa Sicily, ametaja kuwa chuma cha pwani hii kilikuwa bidhaa iliyotakiwa sana Bara Hindi.

Elimu kubwa ya mhunzi ilikuwa machoni. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na fuawe, koleo, nyundo na mivukuto, na hukumu yake aliitoa kwa kutazama rangi. Feleji iliyochovywa majini ingali nyekundu huwa ngumu, lakini huwa kavu na nyepesi kuvunjika. Basi fundi huisugua hata ing'are, kisha akairudisha motoni taratibu. Joto likifika digrii 220 hivi za Selsiasi hutokea umanjano hafifu. Karibu na 255, hudhurungi. Kwenye 280, zambarau. Na kwenye 300, buluu. Na likizidi sana hapo, rangi huzimika ikawa kijivu, na ugumu nao umekwenda zake. Tezo na patasi za waunda vyombo zilitakiwa kuondolewa motoni baina ya hudhurungi na zambarau, na aliyechelewa kwa nukta chache alikuwa amekipoteza chombo chake. Rangi hizo si za chuma chenyewe, bali ni za utando mwembamba mno unaozaliwa hewa ikutanapo na chuma chenye joto, ambao nuru huupenya ikarudi imebadilika. Na kila utando unenepapo, rangi nayo hugeuka.

Bahari ndiyo iliyompa mhunzi kazi nyingi. Mtepe wa kale ulishonwa kwa kamba za makumbi, haukumhitaji kwa msumari. Lakini jahazi lilipigiliwa misumari ya chuma, na kadiri mtepe ulivyopungua hata ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ndivyo nyundo ilivyochukua mahali pa kamba. Kisha ikaja mvuke. Tufani ya mwaka 1872 ilipoziangamiza merikebu za Sultani Barghash, yeye aliagizia nyingine Uskochi, na mwaka 1878 ikamalizika ile iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa na William Denny na nduguze mjini Dumbarton: merikebu ya milingoti mitatu, yenye mifupa ya chuma na mbao za msaji, na mtambo wa mvuke tumboni. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Waingereza na Unguja visivyotimia saa moja, manowari za Kiingereza ziliizamisha mbele ya jumba la Sultani, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji. Mabaki hayakuondolewa mpaka mwaka 1912.

Leo atakaye kuiona Glasgow hana ila picha na mifano midogo, na picha za zama zile hazina rangi. Kwa hiyo hukumu ya rangi imo mkononi mwa muunda mfano, naye asipoijua tabia ya moto ataandika tarehe ya uongo kwa brashi. Akipaka mabomba ya mvuke buluu amekosea, maana mvuke wa boila za miaka hiyo haukufikia digrii 200, na chuma chake hakikuwa na sababu ya kugeuka. Mahali pa kugeuka ni milango ya tanuri na shina la dohani, palipopitiwa na moto wenyewe: hapo buluu na kijivu hukaa karibu na joto, zambarau ikafuata, kisha hudhurungi, na umanjano ukawa mwisho. Na maadamu asili ya rangi hizo ni utando, haifai kuzipaka kwa rangi nzito; hupakwa kwa rangi nyepesi zipenyazo nuru, moja juu ya mwenziwe, juu ya msingi uliong'arishwa. Nje, ambako hewa ya chumvi hufika, rangi ya dohani huungua ikatoka magamba, na kutu nyekundu ikatawala.

Beit al Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 na kuporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, lilikuwa nyumba ya makumbusho, na siku litakaporudishiwa vyombo vyake litastahiki mfano wa Glasgow. Tunawasihi watakaopewa kazi hiyo wasitosheke na vipimo vya mbao na milingoti: waende kwanza kwa mhunzi, wasimame kando ya moto wake, wajifunze kusoma chuma.