Huduma kwa ndugu wa watoto wachanga mahututi

Huduma kwa ndugu wa watoto wachanga mahututi ni msaada wanaopewa kaka na dada wa mtoto aliyelazwa katika uangalizi maalumu baada ya kuzaliwa, mara nyingi kwa kuwa ni njiti, yaani amezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, amekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ana maambukizi.

Athari
Mtoto wa miaka 2 au 3 huona tu kwamba mama hayupo: huamka usiku akilia, hugoma kula, hurudia kukojoa kitandani. Wa miaka 4 hadi 6 aweza kuamini kwamba yeye ndiye chanzo, kwa sababu aliona wivu au aliliegemea tumbo la mama. Mwanafunzi hushuka masomoni, au hujikaza asiwaongezee wazazi mzigo.

Kumweleza
Mtoto asipoambiwa hujitungia sababu, na mara nyingi hujilaumu. Hutakiwa maneno machache ya kweli: “Mapafu ya mdogo wako hayajakomaa, mashine inamsaidia kupumua. Hukufanya kosa.” Mtoto mchanga akifariki, mkubwa huambiwa wazi kwamba amekufa; akiambiwa “amelala”, yeye mwenyewe aweza kuogopa kulala.

Kumwona
Hospitali nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini huruhusu ndugu kuingia wodini wakiwa hawana homa, kikohozi wala kuharisha, na baada ya kunawa mikono. Msimu wa mafua, nyingi huwazuia kwa muda. Kabla ya kuingia huonyeshwa picha na kuelezwa kila kifaa: mpira wa puani ni wa kupitishia maziwa, kitambaa cha macho humkinga na mwanga wa bluu unaotibu umanjano.

Afrika Mashariki
Wodi nyingi haziruhusu watoto kuingia. Aidha, Shirika la Afya Duniani hupendekeza njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha Tanzania na Malawi, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo. Hivyo mama huweza kukaa hospitalini wiki kadhaa, na wakubwa hubaki kwa bibi, shangazi au jirani. Baba au bibi akipokea zamu ya kumbeba kichanga, mama hupata nafasi ya kutoka akaonane na wanawe nje ya wodi. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni, kuonana huko na mama huwa na uzito kuliko maelezo yoyote.