Gari Lililotumika na Ukweli wa Sadaka



Ndugu wapendwa katika Bwana, tafakari yetu ya juma hili yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na altare: gari lililokwisha kutumika, ambalo mwenyewe anataka kulitoa kwa ajili ya maskini. Sadaka ya namna hii ina historia yake, na historia hiyo yatuuliza swali moja: katika kile tunachosema tumetoa, ni kiasi gani kinachomfikia mhitaji?

Tuanze na Bombay, India, Desemba 1964. Baba Mtakatifu Paulo VI alikwenda huko kwa Kongamano la 38 la Ekaristi la Kimataifa, akatumia gari jeupe aina ya Lincoln, zawadi kutoka kwa Wamarekani. Alipokuwa akiondoka alimwachia Mama Teresa wa Calcutta gari hilo. Mama Teresa hakulipanda. Aliliweka katika bahati nasibu, na fedha zilizopatikana zikasaidia kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa ukoma katika makazi ya Shanti Nagar, maana yake Mji wa Amani. Leo wote wawili ni watakatifu: Mama Teresa alitangazwa mwaka 2016, na Paulo VI mwaka 2018.

Mfano huo ulipata mwenzake katika siku zetu. Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ilimpa Baba Mtakatifu Fransisko gari jipya la kifahari. Alilibariki, akatia sahihi yake juu ya boneti, kisha likapelekwa mnadani. Mei 2018 liliuzwa huko Monaco kwa euro 715,000. Fedha hizo zilipangiwa kazi zilizotajwa wazi, zikiwamo kuwasaidia Wakristo wa Ninawi nchini Iraki kujenga upya makazi yao, na kuwahudumia wanawake waliookolewa katika biashara ya binadamu. Hapa tunaona hekima ile ile ya Bombay: gari lenyewe lisingemfaa mgonjwa wala mkimbizi, lakini bei yake iliweza kuwafaa wote wawili.

Ndugu wapendwa, si kila gari lina sahihi ya Papa. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, raia wa kawaida wamekuwa wakitoa magari yao yaliyotumika kwa mashirika ya hisani. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa na Mwenye Heri Frederic Ozanam na wenzake mjini Paris mwaka 1833, ni miongoni mwa wanaoyapokea huko. Serikali humpa mtoaji punguzo la kodi, na hapo ndipo kishawishi kilipoingia. Watu walitoa gari bovu na kulitaja katika hesabu za kodi kana kwamba ni zima. Mwaka 2003 wakaguzi wa Bunge la Marekani walifuatilia baadhi ya magari hayo, wakakuta kwamba mengi yalikuwa yameliingizia shirika sehemu ndogo sana ya thamani iliyotajwa na mtoaji. Tofauti ilimezwa na gharama za mnada na za mawakala, na pia na thamani iliyotiwa chumvi.

Kwa sababu hiyo sheria ilibadilishwa Oktoba 2004, ikaanza kutumika mwaka 2005. Tangu hapo, gari linalodaiwa thamani ya zaidi ya dola 500, likiuzwa na shirika, kwa kawaida punguzo haliwezi kuzidi bei lililouzwa kweli. Gari likitumika katika kazi ya shirika lenyewe, au likipewa mhitaji, thamani yake ya sokoni yaweza kukubaliwa.

Tusomapo habari hizi twakumbuka Anania na Safira (Mdo 5:1-11). Hawakulaumiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha za shamba lao, maana shamba lilikuwa mali yao. Walilaumiwa kwa kutaja sehemu kana kwamba ni yote. Na nabii Malaki aliwakemea waliomtolea Mungu mnyama kipofu na kilema (Mal 1:8), zawadi ambayo mtawala wao asingeipokea.

Swali hili limepata sura mpya kwa magari ya haibridi yanayochajiwa, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na betri kubwa inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Chevrolet Volt ilianza kuuzwa Marekani Desemba 2010. Hivyo ya kwanza yamekwisha kuzeeka, na wenyewe wanayatoa. Betri hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na kuibadilisha kwaweza kugharimu kuliko thamani ya gari lenyewe. Mama mjane akipewa gari la namna hiyo, mahali pasipo na fundi aliyefunzwa kushughulikia umeme wake mkali, amepewa mzigo wenye magurudumu.

Basi, anayetaka kutoa na aseme ukweli wa betri: umri wake, na umbali ambao gari laweza kwenda kwa umeme pekee. Amuulize anayepokea kama atalitumia, atalitoa au ataliuza, na akiliuza, ni kiasi gani kitabaki kwa maskini baada ya gharama. Pengine jibu litamwonyesha kwamba ni heri aliuze mwenyewe na kupeleka fedha.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mjane wa Injili alitia senti mbili (Mk 12:41-44), wala hakuzitaja kuwa zaidi ya mbili. Bwana aliziona, akazihesabu kuwa nyingi. Tumwombe atujalie moyo wa kutoa, na ulimi wa kusema kweli juu ya tunachokitoa.

Mungu awabariki.