Mwanafunzi Asiyezungumza na Amri ya "Kiingereza Tu"

Walimu wa sekondari nchini Tanzania wamezoea kuambiwa kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiyefungua kinywa darasani yumo katika "kipindi cha ukimya"; aachwe, wakati ukifika atazungumza mwenyewe. Ushauri huu unaegemea jina kubwa, mwanaisimu Stephen Krashen, ambaye katika maandishi yake ya 1982 aliuona ukimya wa awali kuwa muda wa kujenga umilisi kwa kusikiliza. Makala haya hayana ugomvi na nadharia hiyo. Yanapinga jinsi inavyogeuzwa kuwa kibali cha kukaa bila kufanya lolote.

Krashen aliweka sharti: mtoto awe anaelewa anachokisikia. Aliyetoka shule ya msingi ya umma, alikosoma kwa Kiswahili, kisha akakutana na biolojia kwa Kiingereza, mara nyingi sharti hilo halitimii kwake. Hapa watafiti hawabishani, tangu ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 hadi kazi za Rubagumya, Qorro na Brock-Utne. John Gibbons naye alionya mwaka 1985 kwamba ukimya mrefu waweza kuwa dalili ya kutoelewa tu. Watoto aliowachunguza Sydney walinyamaza kwa wastani wa wiki mbili na ushei. Sisi tunahesabu mihula.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa mtafiti Muriel Saville-Troike (1988). Aliwavalisha vinasa sauti visivyo na waya watoto tisa wenye asili ya lugha za Kichina, Kijapani na Kikorea waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Kwa aliyewatazama kwa mbali, baadhi yao walikuwa kimya. Vinasa sauti vilileta habari nyingine: wengi walikuwa wakijisemea kwa sauti ya chini, wakirudia maneno ya wenzao, wakibadilisha neno moja ndani ya sentensi ileile, wakiunda maumbo mapya, hata kufanyia mazoezi watakachokwenda kuwaambia wengine. Wingi wa maneno hayo ulitofautiana mtoto kwa mtoto. Kwa hiyo sikio la mwalimu peke yake halitoshi kumtambua anayejinoa na aliyepotea.

Yupo na wa tatu: mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini wasiwasi unamfunga kinywa shuleni. Utafiti wa Elizur na Perednik mjini Jerusalem (2003) uliwakuta watoto wa namna hii kuwa asilimia 0.76, na asilimia 2.2 katika familia za wahamiaji. Vigezo vya kitabibu vya Marekani vya 2013 vinataka hali hiyo idumu walau mwezi mmoja, mwezi wa kwanza wa shule usihesabiwe, na isitokane na kutojua lugha. Toppelberg na wenzake (2005) walisisitiza kwamba mtoto wa lugha mbili achunguzwe katika lugha zote mbili.

Hapo ndipo tunapojikwaa. Shule nyingi zimepiga marufuku Kiswahili hadi uwanjani, na anayekamatwa huvishwa kibao shingoni au huchapwa. Amri hiyo inaua kipimo rahisi kuliko vyote: kumsikiliza mtoto katika lugha anayoiweza. Asiyeelewa, anayejinoa na mwenye wasiwasi wote hufanana, na wote huitwa watiifu.

Watetezi wa amri husema Kiswahili kitachelewesha Kiingereza. Lakini Kiingereza kimepewa nafasi ya kutosha: tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie sekondari, serikali ikakataa. Zaidi ya miaka 40 imepita. Anayeamini kwamba katazo huzaa wasemaji na atuonyeshe wasemaji hao. Hoja ya kwamba kwa mtoto wa Usukumani au Umasaini Kiswahili nacho ni lugha ya pili ni ya kweli, ila inadai asikilizwe katika lugha tatu, si moja.

Msaada wenyewe hauhitaji fedha. Wanafunzi wawili wajadili swali kwa Kiswahili kabla mmoja hajajibu kwa Kiingereza. Jibu la kuandika au la kuonyesha kwa kidole lipokewe. Mzazi aulizwe mtoto anazungumzaje nyumbani. Atakayebaki kimya katika lugha zote baada ya hapo apelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha, wala asisubiriwe hadi mtihani wa kidato cha pili. Na vile vibao vya shingoni, mkuu wa shule hahitaji waraka wa wizara ili aviondoe. Aviondoe muhula huu.