Kinachobaki Baada ya Mwaka

Tangu Oktoba 2024, mfanyakazi aliyeajiriwa Changamwe, Mombasa, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa bima ya afya ya jamii. Jirani yake Mwislamu mwenye mali hutoa zaka ya asilimia 2.5. Kwa tarakimu, mizigo hii miwili ni kama pacha. Lakini zaka haigusi mali mpaka ifike nisabu, takriban thamani ya gramu 85 za dhahabu, kisha ikae kwa mwenyewe mwaka mzima. Nyumba anayoishi haihesabiwi, wala nguo zake. Makato ya bima huanza kwenye shilingi ya kwanza, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya unga.

Asiye na ajira rasmi, kama mwendesha boda wa Kisauni, hupimwa uwezo wa kaya yake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na mpango ulipoanza alidaiwa za mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600 kwa mtu anayekula anachopata siku hiyo. Kumwita mtu huyo mzembe akishindwa ni dhuluma.

Wapokeaji wa zaka nao wametajwa. Ni makundi manane, na mdeni ni mmojawapo. Hilo lanigusa sana, kwa kuwa aliyelemewa na deni la halali hasimangwi. Anayo haki katika mali ya mwenzake. Mweria wa Wamijikenda una sharti jingine. Watu hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na asiyejitokeza kwa wenzake hubaki na jembe lake peke yake. Wajibu hapo uko wazi kabisa, ila mkongwe asiye na nguvu za kurudisha kazi hutegemea huruma.

Hata hivyo, siwezi kukubaliana na wanaosema dini na ujamaa vyatosha. Hakuna mtaa wa Likoni utakaochanga kila wiki ili mgonjwa wa figo asafishwe damu, miaka nenda miaka rudi. Kazi hiyo ni ya mfuko wa taifa, mradi uaminike. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha Juni 2024, hadi Rais Ruto akauondoa, ni haohao wanaotuma michango ya hospitali na mazishi kwa simu kila uchao. Kutoa hawakatai. Wanataka kujua pesa inakwenda kwa nani.

Serikali inaweza kuiga nisabu: iweke kiwango cha kipato ambacho chini yake mtu hadaiwi chochote na bado anatibiwa, na gharama yake ibebwe na walio juu. Mfano upo kwenye kivuko cha Likoni, ambako anayekwenda kwa miguu huvuka bure na gari hulipa kwa ukubwa wake. Wote hupanda feri moja.