Wazazi Walioitwa Shuleni Mwezi wa Novemba

Wasomaji wetu wengi ni wazazi, na wengi wao wamepata kuitwa shuleni. Lakini huitwa kwa neno gani? Mara nyingi ni kwa sababu mchango haujatolewa, au mtoto amefanya ukorofi, au paa linavuja na mabati yanatakiwa. Habari ya siku zote, yaani mtoto ajifunza nini na aendeleaje, mwalimu haipeleki nyumbani, wala mzazi haiulizi, kwa kuwa kila mmoja adhani ni kazi ya mwenziwe. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jinsi jambo hili lilivyotengenezwa katika nchi ya Marekani, ambako hata leo kila mwaka, katika mwezi wa Novemba, iko wiki iliyotengwa ili watu wazijue shule zao, na siku moja katika hiyo ni ya wazazi.

Kwanza yafaa tuyaelewe majira yao. Marekani masomo huanza mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Novemba ni mwisho wa majira ambayo majani hupukutika, miti ikabaki mitupu na baridi ikaanza. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli, na jina hilo huwapoteza wanafunzi, maana vuli yetu ni mvua na kupanda, na ile yao ni kuvuna na kufunga madirisha. Basi ikifika Novemba mtoto amekwisha kukaa darasani majuma kumi hivi. Mwalimu amekwisha kumjua, alama za kwanza zimeandikwa, na siku za kutengeneza yaliyoharibika zingali nyingi. Habari ikipelekwa nyumbani Septemba, mwalimu bado hana la kusema. Ikipelekwa mwisho wa mwaka, haina kazi tena ila kumpatia mtoto kiboko.

Asili ya wiki hiyo ni vita. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, na vijana wakaandikwa jeshini kwa maelfu. Walipopimwa, ikaonekana kwamba katika kila mia, 25 hawakuweza kusoma wala kuandika, na 9 miili yao haikufaa kwa kazi ya askari. Nchi yenye reli na viwanda na magazeti kila mji ikaingiwa na haya. Mwaka 1919 askari waliorudi vitani waliunda chama chao, American Legion, na mwaka huo huo wakaanza kushauriana na chama cha waalimu, National Education Association. Wiki ya kwanza ikafanywa tarehe 4 hata 10 Desemba 1921. Mwaka wa pili ofisi ya elimu ya serikali ikashirikiana nao, na baadaye wiki ikawa ya Novemba. Twapenda msomaji aliangalie jambo moja hapa: si waalimu peke yao walioomba milango ya shule ifunguliwe. Waliomba pamoja na watu waliokuwa wamelala kambini na wenzao wasioweza kusoma barua walizoandikiwa na mama zao.

Na kazi yenyewe ilifanywaje? Haikuwa karamu. Baba na mama walialikwa kuingia darasani masomo yakiendelea, wakaketi katika viti vidogo vya watoto wao, wakasikiliza hesabu na kusoma. Madaftari na kazi za mikono zikawekwa mezani. Shule nyingine zilifunguliwa jioni kwa ajili ya wale wasioweza kuacha kazi mchana, na mwalimu akakaa mpaka usiku ili aonane nao. Kila siku ya wiki ikapewa neno lake la kufikiriwa. Pamoja na hayo ilikuwako karatasi ya alama, ambayo mtoto aliichukua nyumbani, mzazi akaitia sahihi, ikarudi kwa mwalimu. Karatasi hiyo twaisifu kwa kiasi. Sahihi yaonyesha kwamba karatasi imefika. Haionyeshi kwamba imesomwa. Tena mzazi asiyejua kusoma hutiwa aibu nayo mbele ya mtoto wake. Mazungumzo ya uso kwa uso, hata yakiwa ya dakika chache, hufanya kazi ambayo karatasi haiwezi.

Lakini isidhaniwe kwamba wazazi walikaa kimya mpaka vita ikawaamsha. Tarehe 17 Februari 1897, bibi wawili, Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst, walikuwa wamekusanya akina mama katika mji wa Washington, wakaja watu zaidi ya 2,000. Mkutano huo ulizaa chama ambacho mwaka 1924 kiliitwa chama cha wazazi na waalimu, maana akina baba walionekana kuwa nao ni wazazi. Mwaka 1938 chama hicho kiliingia kuwa mmoja wa wasimamizi wa ile wiki ya Novemba.

Sasa twafika mahali pa kuhuzunisha. Katika majimbo ya kusini sheria ilitenga shule za watoto weusi na za watoto weupe, na vyama vya wazazi navyo vikatengwa. Mwaliko wa kuingia shuleni haukuwa mwaliko wa kuingia shule yoyote. Mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, alikuwako mama mweusi aliyeitwa Selena Sloan Butler, mke wa mganga, mwenyewe amesoma Spelman. Mwanawe alipokuwa mdogo hakupata shule ya watoto wachanga iliyokuwa tayari kumpokea. Hakukaa kulalamika, alifungua darasa nyumbani mwake, akawapokea na watoto wa jirani. Mtoto alipokwenda shule ya Yonge Street, mama akamfuata kwa njia yake: mwaka 1911 aliwaunganisha wazazi na waalimu wa shule hiyo katika chama kimoja, na mwaka 1926 vyama vya namna hiyo vikawa chama cha taifa cha wazazi na waalimu weusi, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza. Vyama viwili hivyo, cha weupe na cha weusi, havikuunganishwa mpaka mwaka 1970. Bibi Butler alikuwa amefariki mwaka 1964. Siku hizi yeye huhesabiwa pamoja na wale bibi wawili wa 1897 kuwa mwanzilishi wa chama kimoja.

Hayo ni ya mjini. Vijijini mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ya pamba. Pamba huko huanza kuchumwa Agosti inapokwisha, na katika siku hizo ilichumwa kwa mikono, wakubwa kwa wadogo, hata Novemba na kupita. Shule nyingi za watoto weusi zilikuwa na watu haba mpaka shamba liishe. Mahali ambapo mtoto wa mjini alikuwa na majuma kumi ya masomo, mtoto wa mchuma pamba ndiyo kwanza aja na kibao chake. Wasomaji wetu wa mikoa ya korosho, ambako mavuno huja miezi hiyo hiyo, hawahitaji kuelezwa sana. Mzazi wa namna hii huwezi kumwita kwa barua. Anayetaka kumpata na amwendee.

Aliyefanya hivyo kuliko wengine ni Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa jimbo la Virginia, katika wilaya ya Henrico. Mwaka 1892 alipewa shule ndogo iliyochakaa. Alinunua kokoto na chokaa kwa fedha yake mwenyewe, akaitengeneza, kisha akaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Wazazi wengine walimkasirikia, kwa kuwa aliwafundisha watoto kazi za mikono pamoja na kusoma. Wao walikuwa wameijua kazi ya mikono katika utumwa, na walimpeleka mtoto shule ili aikimbie. Neno lao halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Naye hakuwajibu kwa kuwaita shuleni na kuwakemea. Alikwenda kuketi kwao, akawaeleza, mpaka wakamwelewa na kuunda vyama vya kuitunza shule.

Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Mwaka 1908 Bibi Randolph akawa mwalimu wa kwanza kulipwa kwa fedha hiyo, akapewa kuzunguka shule zaidi ya 20 za wilaya yake, na waalimu kama yeye wakaenea kusini kote.

Habari hiyo ndiyo iliyovuka bahari kuja kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ndani yake alikuwamo Dr. Aggrey, mwana wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, chini ya Bwana J. W. C. Dougall. Waalimu waliochaguliwa na misheni zao hawakwenda peke yao. Walikwenda na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba za hapo shuleni. Mume alifunzwa jinsi ya kuzungukia shule za vijiji na kuwasaidia waalimu wake. Mke alifunzwa kulea watoto, usafi na mapishi. Waliporudi kwao, mume aliingia darasani, na mke akaingia jikoni mwa majirani, mahali ambapo habari za shule hazikupata kufika kwa mdomo wa mwalimu mwanamume. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha utawala, na leo hufunzwa hapo watumishi wa serikali.