Washairi wa Nyumba ya Ali

Sisi tulio Simbo, jirani na Ujiji, tukisikia mashairi ya sifa hudhani mara moja kwamba mtungaji anatafuta kanzu au fedha kwa mkubwa. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Walakini walikuwako zamani washairi wa Kiarabu ambao sifa zao ziliwatia hatarini.

Huseini, mwana wa Ali na mjukuu wa Mtume Muhamadi, aliuawa na jeshi la Khalifa Yazidi huko Karbala, nchi ya Iraki, mwezi wa Oktoba 680. Washia, yaani wale waliosema kwamba ukhalifa ni haki ya Ali na wazao wake, hawakumsahau. Tena kwa miaka mingi Ali alilaaniwa juu ya mimbari kwa amri ya makhalifa wa ukoo wa Umaya.

Kumaiti bin Zaidi wa Kufa alizaliwa katika zama hizo. Yasemekana alikuwa mwalimu wa watoto msikitini, habari iliyotupendeza sana sisi walimu. Aliwasifu Bani Hashimu, akatiwa gerezani. Masimulizi yasema alitoroka akiwa amevaa nguo za mkewe. Alikufa mwaka 743. Mashairi yake si kilio tu, bali ni hoja: ikiwa Wakureshi wadai utawala kwa kuwa ni jamaa za Mtume, je, walio karibu naye zaidi hawana haki zaidi?

Dibili wa kabila la Khuzaa, aliyekufa mwaka 860, alishika njia nyingine. Ilikuwa desturi ya washairi wa Kiarabu kuanza kwa kulilia mahame ya mpenzi wao. Yeye alililia nyumba za jamaa ya Mtume zilizobaki tupu, akayataja makaburi yao yaliyotawanyika. Kwa ulimi wake mkali juu ya makhalifa, husimuliwa kwamba alijisema amebeba mgongoni mti wa kusulubiwa kwake miaka hamsini, asipate wa kumtundika.

Huku kwetu Hemedi bin Abdallah el-Buhry, wa upande wa Tanga, alitunga utenzi wa Huseini, uliopigwa chapa mwaka 1965. Waislamu wengi wa pwani ni Wasuni, wasiokubali dai la Washia; hata hivyo Huseini wamlilia. Twaona kwamba kilio kilivuka bahari, bali hoja ya Kumaiti ilibaki ng'ambo. Na Ali mwenyewe, katika utenzi wa Ras il-Ghuli, si mdai wa ukhalifa, ila ni shujaa mwenye upanga.